"Huru" Nitakusamehe, "Madawa" La

SWALI: Mwalimu, nimesoma makala kuhusu mkataba wa Australia na Marekani. Mwandishi anauita "mkataba wa biashara huru", kisha anasema uligusa "ruzuku ya madawa" na vipindi vya televisheni. Je, ni biashara huru au huria? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Ni huria. Maneno yote mawili ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu, ila Kiswahili kimeyagawia kazi. Huru ni mtu au nchi isiyotawaliwa na mwingine. Huria ni jambo lililoachwa wazi bila vizuizi: soko huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Anayeandika "biashara huru" namwelewa, simchapi.

Lakini wewe umenukuu "madawa" ukapita kama hukuona kitu! Mimi sipiti.

Dawa iko katika ngeli ya I-ZI: dawa hii, dawa hizi, kama nguo hii, nguo hizi. Ukiibandika ma- unaikuza au unaibeza. Hakuna aendaye Gikomba kununua "manguo" ya harusi.

Juzi nilikuwa River Road, kwenye duka moja la dawa. Kiooni pamebandikwa karatasi ya kalamu nzito: MADAWA ZOTE ZIKO. Itazame vizuri. Kichwa kimevaa ma-, mkia umevaa zi-. Kama kweli aliyeandika anaiamini "madawa" yake, mbona hakuandika "madawa yote yako"? Ulimi ulimkatalia. Neno la kwanza limeasi, mawili yaliyofuata yakarudi nyumbani. Nilimweleza kijana wa kaunta haya yote, taratibu, foleni ikinguruma nyuma yangu. Akanisikiliza, akaniuliza, "Mzee, ni ya kikohozi?" Kisha akanipa pakiti mbili: "Hizi dawa utameza baada ya kula." Hizi dawa! Yule yule! Nilitamani kumkumbatia.

Watetezi hunijibu kwa "madawa ya kulevya". Haya, hilo limeota mizizi na mimi nimechoka kung'oa. Basi libaki huko huko kwenye kulevya, maana ndilo linaloharibu sentensi ya mwandishi wako: "Australia hutoa ruzuku ya madawa" inasomeka kana kwamba serikali inawanunulia vijana bangi. Kumbe tangu 1948 nchi hiyo ina mpango wa kuwalipia wananchi sehemu ya bei ya dawa anazoandika daktari. Mkataba uliotiwa saini 2004, ukaanza kutumika Januari 2005, uliipa kampuni ambayo dawa yake imekataliwa kuingia kwenye orodha ya ruzuku nafasi ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na mpitiaji huru. Huru, naam. Hapo ndipo mahali pake, na mwandishi wako angalilipeleka huko.

Kwenye televisheni, Australia ilibaki na sharti lake la asilimia 55 ya vipindi vya kwao katika vituo vya kibiashara, ila ilijifunga: ikilipunguza, haiwezi kulipandisha tena. Nasema "vipindi vya kwao". Nisisikie mtu akiniletea "vipindi vya ndani". Kwetu vya ndani ni nguo.