Baba Yaga si baba: tumwite nani kwa Kiswahili?

Swali: Ninawatafsiria wanangu ngano ya Kirusi ya Vasilisa, yule msichana anayetumwa msituni kuomba moto kwa Baba Yaga. Nimekwama mahali pawili. Nimeandika "mchawi Baba Yaga", lakini mwanangu mdogo ameniuliza huyo ni baba wa nani. Tena kuna pale anapomwonya Vasilisa kuhusu kuuliza maswali. Nimeandika "Kila swali halileti heri". Mume wangu anasema sentensi hiyo imepinda, ila hawezi kueleza kwa nini.

Jibu: Mwanao ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoletewa na watu wazima. *Baba* ya Kirusi na *baba* yetu hazina udugu wowote, zimegongana sauti tu. Kwa Warusi *baba* ni mwanamke wa kijijini, mara nyingi aliyekwisha kula chumvi nyingi, na *babushka*, yaani bibi, limechipuka katika shina hilohilo.

Mgongano huu unatuumiza sisi kuliko wenye lugha nyingine nyingi. Kirusi chenyewe humtambulisha mwanamke kwa viwakilishi na hata kwa vitenzi. Sasa sikiliza sentensi yetu: "Baba Yaga alirudi jioni, akanusa hewa, akafoka." Hiyo *a-* haisemi ni mwanamume wala mwanamke. Mtoto anaweza kuisikiliza ngano hadi mwisho huku akimwona mzee mwenye ndevu, na hakuna neno hata moja litakalomsahihisha. Halafu anakutana na kinu. Baba Yaga husafiri akiwa ndani ya kinu, hukiendesha kwa mchi, na nyuma yake hufuta njia kwa ufagio. Kinu, mchi na ufagio ni vitu ambavyo mtoto wetu ameviona mikononi mwa mama na bibi yake tangu alipoanza kutambaa. Kitisho cha ngano hii kimo humo humo, katika vyombo vya uani vilivyogeuka kuwa vya kuogofya. Ukimpa mchi huo "baba", mtoto atashangaa tu, hataogopa.

Kwa hiyo andika Bibi Yaga. Najua wapo watakaosema jina halitafsiriwi, nami nakubaliana nao kuhusu jina. Lakini jina hapa ni Yaga. *Baba* ni kitambulisho kinachoambatana nalo, kama tunavyoandika Malkia Elizabeth bila kuona tumelivunja jina la mtu. Mwanazuoni wa Kirusi Mikhail Lomonosov alipomtaja katika sarufi yake ya Kirusi ya 1755, alimwandika kinyume, Yaga Baba. Na ushahidi ninaoupenda zaidi umo ndani ya ngano yenyewe: Vasilisa anapojitokeza mbele yake akitetemeka, anamwita *babushka*. Neno "bibi" basi umeshapewa na msichana mwenyewe.

Kama wanao wanakulia Kenya, ambako katika mazungumzo bibi mara nyingi ni mke na mama yake mama huitwa nyanya, "Bibi Yaga" inaweza kusikika kama mke wa bwana fulani Yaga. Dawa yake ni kumtambulisha vizuri mara ya kwanza: "Palikuwa na ajuza mmoja, akiitwa Bibi Yaga." Baada ya hapo hakuna atakayepotea.

Neno "mchawi" nakuomba kwa dhati uliondoe. Kwanza halimwelezi. Mchawi wetu ni mtu wa humu humu kijijini, anayekusalimu asubuhi na kukuroga usiku. Uovu wake ni wa siri. Bibi Yaga hajifichi. Ua wa nyumba yake umejengwa kwa mifupa ya watu, na ngano inasema wazi kwamba aliwala watu kama vifaranga. Pili, neno hilo lina damu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Sioni sababu ya kumfundisha mtoto anayezungumza Kiswahili kuyaweka pamoja maneno "bibi kizee" na "mchawi", hasa pale ambapo ngano haikumlazimisha.

Kiumbe wetu anayemkaribia ni zimwi: anakaa msituni, anakula watu, ananusa harufu ya mgeni, lakini anaweza kushindwa kwa akili au kwa adabu. Methali yetu inasema *zimwi likujualo halikuli likakwisha*, na hayo ndiyo yanayompata Vasilisa, anayeingia nyumba ya mla watu na kutoka mzima. Angalia upatanisho wa methali hiyo: *likujualo, halikuli*. Ni wa zamani, na methali imeuhifadhi. Katika Kiswahili sanifu cha leo viumbe hai, hata wa kufikirika, hufuata *a-/wa-*: "zimwi alimjibu", "mazimwi walikimbia". Ukitaka kuonyesha ukubwa na ubaya, *li-* bado ina kazi: "zimwi likanguruma". Ila usichanganye katika aya moja. Kwa Bibi Yaga mwenyewe baki na *a-*, kwa kuwa anazungumza, anahukumu, na hata anatimiza ahadi.

Sasa onyo lake. Mume wako ana sikio zuri. "Kila swali halileti heri" imeweka ukanushi kwenye kitenzi, na ukiichukua kama ilivyo, inasema hakuna swali hata moja lenye heri. Bibi Yaga hakusema hivyo, kwani papo hapo anajibu maswali matatu bila hasira. Anachokanusha ni *kila*. Basi ukanushi utangulie hapo: "Si kila swali huleta heri." "Sio kila" utaisikia kila siku, nami siipigi vita, lakini mdomoni mwa ajuza wa ngano *si* ina uzito zaidi.

Tena usiandike "akauliza swali kwa Bibi Yaga", muundo ambao umezagaa kwenye habari zetu. Kitenzi *uliza* humchukua mtu moja kwa moja: akamuuliza. Na wale ambao Bibi Yaga anasema huwala kwa kuuliza mno, usiwaite wadadisi. Udadisi kwetu ni sifa njema, ni wa mwanafunzi na mtafiti. Anayechungulia ya ndani ya nyumba ya watu ili ayatoe nje ni mdaku, na hasira ya bibi huyu ni juu ya wadaku.

Kitu kimoja mtoto asikose kukielewa: Vasilisa ameona pia jozi tatu za mikono isiyo na mwili zikimtumikia bibi ndani ya nyumba. Ningeiandika sehemu hiyo hivi:

"Haya, uliza," akasema Bibi Yaga, "lakini si kila swali huleta heri. Ukijua mengi, utazeeka mapema."

Vasilisa akamuuliza habari za mpanda farasi mweupe aliyempita njiani. "Huyo ni mchana wangu." Na yule mwekundu? "Huyo ni jua langu." Na yule mweusi? "Huyo ni usiku wangu. Wote watatu ni watumishi wangu waaminifu."

Vasilisa akaikumbuka ile mikono, akanyamaza.

"Mbona huulizi zaidi?"

"Hayo yananitosha, bibi. Si umesema mwenyewe, ajuaye mengi huzeeka mapema?"

"Vema umeuliza ya nje, hukuuliza ya ndani. Sipendi taka za nyumbani mwangu zitolewe nje. Wadaku mimi huwala."