Brembo za STI kwenye WRX yenye rimu za 16
Mkuu, umeuliza kama breki za Brembo za Subaru STI (toleo la WRX lenye nguvu zaidi) zinaingia kwenye Subaru WRX yako yenye rimu za inchi 16. Hapana, haziingii. Diski ya mbele ya STI ni milimita 326 na kalipa yake (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni 4 ni nene. Anzia rimu ya 17, na hata hiyo ijaribishe kwanza, kuna za 17 ambazo spoku zake zinakwaruza kalipa. Nafunga hizi gereji: mbele zinakaa kwenye nako (kipande kinachobeba gurudumu) ileile ya WRX, ila nyuma pana kazi, ngoma ya hendibreki iliyo ndani ya diski ya STI ni kubwa kuliko yako. Ukinunua za mtumba, funua kava za vumbi uone kama pistoni zina kutu.

Lakini kama shida ni pedali kulegea ukishuka mlima, Brembo zisubiri. Mara nyingi hapo ni mafuta ya breki yamechemka. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango ni 155 tu. Mwaga yote, weka mapya, toa upepo magurudumu yote manne, na utafute pedi nzuri. DOT 5 ya silikoni usichanganye humo.