Pancha tena: maswali yenu ya matairi ya pikipiki

Wiki hii meseji karibu zote ni za pancha, nimechukua hizi chache maana zingine zinafanana.

Nimepata pancha tairi la nyuma, niizibe au ninunue jipya? (Chikongola, Mtwara)

Kaka, hili swali linakuja kila siku na kila siku hamsemi tundu liko wapi. Hamsemi kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zimebaki kiasi gani. Sasa mimi nikujibu nini? Kama ni msumari au mwiba umeingia pale katikati panapokanyaga barabara na kashata bado zipo, ziba tyubu endelea na kazi. Kama tairi ni kipara au nyuzi zinaonekana, nunua. Na kipara hakipimwi kwa macho ya mbali, chungulia kwenye mifereji ya kashata utaona vinundu vidogo vya mpira chini kabisa, kashata zikishalingana na vile vinundu tairi limeisha, hata kama linang'aa.

Jiwe limenichana ubavuni njia ya Kitangari, fundi ameweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani akafunga. Inafaa? (Newala)

Haifai. Ubavu ndio unaojikunja kila tairi linapozunguka na ndio umebeba mzigo wote, kile kipande cha ndani kinasugua tyubu mpaka inatoboka, na ule mchaniko wenyewe unazidi kufunguka taratibu bila wewe kujua. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani peke yako, polepole, bila abiria. Siyo ya kushuka nayo Newala kwenda Masasi umepakia mama na mtoto mgongoni. Mafundi wengi huku wanaifanya na wanajua kabisa haidumu, ila mteja akisema hana hela ya tairi wanafunga tu.

Naziba leo, baada ya siku mbili pancha tena, tairi hilohilo. Fundi ananiibia? (Mingoyo)

Inawezekana haibi, ila hakagui. Mwiba ukitoboa tyubu ncha yake inabaki kwenye tairi, fundi anatoa tyubu anaweka kiraka anarudisha, ncha inatoboa tena. Kabla tyubu haijarudi mwambie apitishe kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kitambaa kikinasa ndipo penye shida. Halafu linganisha tundu jipya na la zamani. Likiwa upande wa rimu, angalia ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, ukikatika spoku inachoma tyubu. Yakiwa matundu mawili sambamba basi unatembelea upepo mdogo, tyubu inabanwa na rimu ukipiga shimo. Hizi pikipiki za cc 125 na 150 zenye tairi la nyuma saizi 3.00-17 upepo wa nyuma ni kama psi 28 (ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria, lakini watu wanabonyeza kwa kidole gumba wanasema limejaa! Msimu wa korosho ndio balaa, gunia juu, abiria juu, upepo uleule wa wiki iliyopita.

Tyubu yangu ina viraka vinne, naweza kuongeza? (Ndanda)

Nunua tyubu. Kiraka juu ya kiraka hakishiki, na ikichanika kwenye shina la vali haizibiki kabisa.

Nilitembea na pancha mpaka kwa fundi, mbali kidogo, tairi litakuwa limeharibika? (Nachingwea)

Likitolewa, tazama ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira au ubavu una mikunjo na umelegea, hilo limekufa hata kama nje ni zuri. Shuka usukume jamani, tairi ni hela.

Nyuzi zinaonekana ila bosi anasema bado linatembea, na jioni anataka hesabu yake. (Masasi)

Mdogo wangu, hapa nasema na huyo bosi. Unachukua hesabu kila siku, mvua jua, tairi unasema ni la dereva. Pikipiki ni yako! Tyubu ikipasuka kwenye tairi la nyuzi upepo wote unatoka kwa mkupuo, pikipiki inayumba, anayeanguka ni abiria ambaye hata hakujua. Na wewe dereva, mkataba unaofuata uandike nani ananunua tairi, kabla hujapokea funguo. Ikikupasukia barabarani usikanyage breki kwa hofu, shika usukani imara, achia mafuta, iache ipungue yenyewe, na kama lazima ufunge breki tumia ya gurudumu ambalo halijapasuka, kidogokidogo.

Tairi jipya la bei rahisi dukani, nichukue? (Lindi mjini)

Kwanza soma ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ndiyo tarehe lilipotengenezwa. 3522 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2022. Kuna matairi yananing'inia juani mbele ya duka miaka, mpira umeshakauka na una nyufa ndogondogo, yanaitwa mapya kwa sababu hayajatembea. Likunje kidogo, nyufa zikifunguka liache hapohapo. Na ukipata zuri nunua na tyubu mpya pamoja, ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha kwenye tairi jipya inajikunja na pale ilipojikunja ndipo itakapotoboka.