Kabla hujamtaja Jefferson kwenye mabishano ya dini

Miaka kadhaa iliyopita niliumbuka mbele za watu. Tulikuwa Waswahili tunaoishi Marekani, tumeshakula, chai imemiminwa, mazungumzo yakaangukia kwenye sala mashuleni. Nikatoa turufu yangu: Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, hakuwa na dini, ndiyo maana akajenga ukuta kati ya kanisa na serikali. Mzee mmoja, mchungaji wa Kibaptisti, akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu, hiyo barua ya ukuta aliwaandikia akina nani?"

Sikujua. Nilichokuwa nacho ni sentensi moja niliyoiona kwenye picha iliyosambazwa simuni.

"Alituandikia sisi," akasema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na barua iliyojibiwa, ndipo usome jibu. Oktoba 1801 Wabaptisti wa eneo la Danbury, Connecticut, walimwandikia rais mpya. Katika jimbo lao kanisa la Kikongregesheni, dhehebu jingine la Kiprotestanti, lilitambuliwa na sheria na kulishwa kwa kodi. Mbaptisti aliyetaka fedha yake isiende huko alipaswa kuwasilisha cheti cha kuonyesha kwamba ni wa kanisa jingine. Walilalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu walikuwa wanaupata kama hisani, wakati ni haki yao. Ukishawahi kusimama dirishani ukiomba kwa unyenyekevu kitu ambacho ni chako, unawaelewa vizuri.

Jefferson aliwajibu tarehe 1 Januari 1802, na humo ndimo yalimo maneno ya ukuta kati ya kanisa na serikali. Waliouhitaji walikuwa watu wa sala, tena wachache. Barua haikuwaondolea mzigo, maana marekebisho ya katiba aliyoyataja, yanayokataza kutunga sheria ya kuanzisha dini rasmi, wakati huo yalilibana Bunge la taifa tu, na Connecticut iliendelea na mfumo wake hadi 1818.

Halafu angalia alifanya nini siku zilezile. Siku hiyohiyo ya mwaka mpya alipokea jibini kubwa ajabu, ratili 1,235, kama kilo 560 hivi, zawadi ya wakulima wa Cheshire, Massachusetts, iliyoletwa na mhubiri wa Kibaptisti John Leland. Ilipofika Jumapili tarehe 3, Leland alihubiri ndani ya ukumbi wa Bunge na Jefferson akaenda kumsikiliza. Mimi niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Anayetaka ukuta wa zege usiopitisha hata sauti, tukio hilo linamsumbua. Anayedai ukuta haukuwepo kabisa, naye asikimbilie kushangilia: rais huyuhuyu alikataa kutangaza siku za kitaifa za kufunga na kuomba.

(Wale wakulima walijisifu kwamba hakuna mtumwa aliyegusa jibini lile. Walimpelekea mtu aliyemiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Ukimtaja kama bingwa wa uhuru, jiandae kuulizwa hilo, na usijitie hamnazo.)

Pili, usichanganye aliyoyaamini na aliyoyatungia sheria. Kuhusu imani, mchungaji yule naye asingempa kiti cha mbele. Jefferson aliukataa Utatu. Mwaka 1820, akiwa mzee, alimaliza kazi ya kukata aya za Injili katika lugha nne, Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, na kuzibandika upya kwa gundi. Mafundisho ya Yesu aliyabakiza, miujiza akaiacha. Kitabu kinaishia jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi. Hakuna Jumapili ya Pasaka. Hakukichapisha, na alikuwa na sababu: katika uchaguzi wa 1800 wapinzani walishamwita mkana Mungu.

Sheria ni jambo jingine. Ile ya uhuru wa dini ya Virginia, jimbo lake, aliiandika mwaka 1777, ikapita 1786 kwa juhudi za rafiki yake mwanasiasa James Madison, yeye akiwa Ufaransa. Kabla ya hapo wahubiri wa Kibaptisti walikuwa wakifungwa jela Virginia kwa kuhubiri bila leseni. Baadaye alieleza kwamba ilikusudiwa kumlinda Myahudi, Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiyeamini. Akaagiza sheria hiyo itajwe kwenye kaburi lake, urais haukuandikwa.

Nilipokutana tena na yule mzee nilikuwa na barua nzima simuni. Nikamsomea aya ya mwisho, pale Jefferson anapowarudishia Wabaptisti dua zao njema, akitaja ulinzi na baraka za Baba na Muumba wa wanadamu wote.

"Huyo ndiye wako asiye na dini?" akauliza, akanisogezea sahani ya maandazi.