Wa Kubaki Ukutani

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mchezo gani wa utotoni ambao hujausahau, na umekuachia nini ukubwani?" Nilikuwa tayari kuandika gololi, kwa sababu ndizo nilizozipenda, kisha nikajikamata nikidanganya. Gololi hazikuniachia chochote zaidi ya vumbi kwenye kucha. Mchezo ulioniachia kitu ni ule niliokuwa nikishindwa kila siku: kombolela.

Mnaujua. Mmoja anaegemea ukuta, anafumba macho na kuhesabu. Wengine wanatawanyika kujificha. Akimaliza anawasaka, na akimwona mtu anataja jina lake na kuwahi ukutani kabla huyo hajafika. Kwetu, wa kwanza kukamatwa ndiye aliyehesabu mchezo uliofuata. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nina miguu mifupi, na nilikuwa na tabia ya kujificha palepale nilipokutwa jana. Kwa hiyo nilihesabu. Nilihesabu mpaka nadhani ndiyo sababu hesabu za darasani hazikunitisha kamwe, ingawa hilo nisingeliapia.

Ukiwa umefumba macho, umebaki na masikio tu. Bila mtu kunifundisha, nikaanza kuwajua wenzangu kwa nyayo. Kaka yangu alikanyaga kwa kisigino. Mwingine alikuwa na ndara iliyolegea mkanda, ikimsaliti kila hatua. Na kulikuwa na mjanja wetu, ambaye alitimua mbio kuelekea kushoto kwa kishindo cha makusudi, akanyamaza, halafu akarudi kulia kwa kunyata. Nilisikia kishindo, nikasikia kimya, kisha nikasikia nguo ikikwaruza ukuta upande wa pili. Nikifika hamsini nilikuwa najua karibu kila mmoja yuko wapi. Kuwakamata sikuwakamata, maana kujua mtu alipo ni jambo moja na kumshinda mbio ni jingine. Lakini nilijua, na ile raha ya kujua ilinitosha.

Leo nimefikia umri wa kupishwa kiti, na starehe yangu kubwa ni kusikiliza ndege. Sisemi kuwatazama. Wenye darubini nawaheshimu, ila mimi hutoka kabla ya kupambazuka, saa ambazo ndege wengi huimba zaidi, nikakaa na kufumba macho. Nilifanya hivyo kwa miaka bila kujiuliza nimeutoa wapi mtindo huo. Asubuhi moja nikagundua kuwa nimeinamisha kichwa, kiganja kiko juu ya macho, na midomo inacheza. Nilikuwa nahesabu. Nilishafika thelathini na moja.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kuhusu masikio, na sehemu hii nitaomba mnivumilie. Sauti inayotoka kushoto hufika sikio la kushoto kwanza na la kulia baadaye. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huidaka. Isitoshe, kichwa chenyewe huzikinga sauti nyembamba, kwa hiyo sikio la mbali huzisikia zimefifia. Inayosumbua ni sauti iliyo mbele yako kabisa au nyuma yako kabisa, kwani hufika masikio yote mawili kwa pamoja. Dawa yake ni kugeuza kichwa kidogo. Ndicho nilichokuwa nikifanya pale ukutani, na kila nikikifanya wenzangu walipiga kelele kwamba nachungulia. Nimesubiri miaka mingi kupata utetezi huu.

Lakini lililonikuna zaidi ni hili. Ndege wadogo wa aina nyingi, wakimwona mwewe akipita angani, hutoa mlio mwembamba wa juu, unaoanza polepole na kufifia polepole. Mlio wa namna hiyo ni mgumu kuufuatilia ulikotoka. Wakimkuta bundi ametulia tawini, mambo hugeuka: humzonga kwa milio mifupi, ya kukatakata, ambayo yeyote anaweza kuifuata, kwa sababu sasa wanataka wenzao waje. Niliposoma hivyo nikakumbuka kicheko. Mtoto aliyejificha akijizuia kucheka hutoa vipande vifupi vifupi vya sauti puani, na kila kipande huanza ghafla. Katika kombolela yetu aliyecheka hakuwahi kupona. Aliyehema taratibu ningemtafuta mpaka jua litue.

Wako watu mashuhuri wenye visa vya aina hii. Satoshi Tajiri alipokuwa mtoto huko Japani alikuwa akikusanya wadudu, hata wenzake wakambandika jina la daktari wa wadudu. Mwaka 1996 ukatoka mchezo wake wa video wa Pokémon, ambamo kazi kubwa ni kukamata viumbe na kubadilishana na wenzako. Shigeru Miyamoto, mbunifu mwingine wa michezo ya video, naye ameeleza jinsi alivyokuta pango utotoni, akarudi na taa kulichungulia, na kumbukumbu hiyo ikaingia katika mchezo wa The Legend of Zelda wa mwaka 1986. Napenda visa hivi, lakini vinanitia wasiwasi. Watoto waliokusanya wadudu ni wengi mno, na wengi wao walikua wakawa watu wasiotaka hata kumwona mende. Tunamuuliza aliyefika, naye akigeuka nyuma huiona njia imenyooka.

Kwa hiyo nikampigia simu kaka yangu, yule wa kisigino. Tulicheza mchezo mmoja, kwenye ukuta mmoja, na yeye hawezi kutofautisha mlio wa njiwa na wa kunguru. Nikamuuliza kombolela ilimwachia nini. Akasema haikumwachia chochote, ulikuwa mchezo tu, na kwani nimeishiwa kazi? Lakini mimi namjua. Ndiye aliyekuwa bingwa wa kujificha. Aliingia kwenye nafasi ambazo paka angefikiria mara mbili. Na ndiye huyo ambaye familia nzima humwita siku ya safari, kwa sababu anatazama buti la gari na mizigo ya watu saba, anakaa kimya kidogo, kisha vyote vinaingia. Nikamwambia. Akacheka, akasema huenda. Kisha akaniharibia siku: "Wewe hukuwa unasikiliza kitu, bwana. Ulikuwa unachungulia kati ya vidole. Sote tulikuwa tunakuona."

Nimelifikiria hilo kuliko nilivyotarajia. Siwezi kuapa kwamba sikuchungulia hata mara moja. Pengine zile nyayo nimezipamba baadaye, baada ya kuwapenda ndege. Ila kuna mambo ambayo mtu hayabuni, na ile ndara ni mojawapo. Naisikia mpaka leo.

Neno nostaljia, ambalo leo ni hamu ya mambo ya zamani, liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, naye alilitumia kama jina la ugonjwa, ule wa mtu aliye mbali na kwao anayedhoofika kwa kutamani kurudi. Kwa maana hiyo mimi ni mzima. Sitamani kurudi kwenye ule ukuta. Ulikuwa na joto na ulinichubua paji la uso. Nilichotaka kuwajibu ni kwamba mchezo uliniachia nafasi niliyopewa ndani yake, ambayo wala sikuichagua, na ndani ya nafasi hiyo nikajitafutia cha kufanya ili nisichoke. Aliyejificha na aliyehesabu hawakucheza mchezo mmoja.

Kaka alikuja kunitembelea mwezi uliopita. Alfajiri nilikuwa nje, nimekaa kama kawaida yangu, macho nimefumba, ndege wameshaanza. Nyuma yangu mlango ukafunguliwa polepole mno kuliko inavyohitajika. Kikapita kimya. Halafu hatua moja, ya kisigino, na nyingine, za mtu mzima anayedhani ananyata.

Nikataja jina lake bila kufumbua macho.

"Umechungulia," akasema.