Bodi inataka akili mnemba iamue mikopo: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni meneja wa SACCOS yenye wanachama karibu 900 hapa Dodoma: walimu, mama lishe, bodaboda, na wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Leja zetu nusu ziko kwenye madaftari, nusu kwenye Excel. Bodi imeletewa mfumo wa akili mnemba wa kuamua nani akopeshwe, na inataka tuununue kabla ya mkutano mkuu. Makarani wanaona wanapunguzwa kazi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu meneja, msinunue sasa. Mfumo wenyewe huenda ni mzuri, ila kwenu haujapata cha kujifunzia.

Mifumo hii hupitia mikopo ya nyuma, ikatafuta dalili zilizowatenganisha waliolipa na walioshindwa, kisha ikampa mwombaji mpya alama. Kwa wanachama 900, walioshindwa kabisa kulipa wanaweza kuwa wachache mno, na hapo mashine huokota sadfa ikaifanya kanuni. Tena leja inawaonyesha waliokopeshwa tu. Yule ambaye kamati ya mikopo ilimkataa mwaka juzi, hakuna ajuaye kama angelipa. Upendeleo wa kamati ya zamani utaingia humo humo na kuwarudia ukiwa umevaa namba, na namba hazibishiwi kikaoni.

Halafu kuna zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mwalimu hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mkulima wa Mpunguzi hulipa akishavuna, na mnunuzi naye awe ameshamlipa. Mfumo uliozoeshwa marejesho ya kila mwezi utamhesabu mkulima huyo mdaiwa sugu miezi kadhaa mfululizo. Afisa mikopo wenu anajua hali hiyo bila kuambiwa. Mashine haitaijua mpaka kila mkopo uandikwe chanzo cha kipato na ratiba mliyokubaliana. Mwulizeni muuzaji mbele ya bodi: mkopo wa msimu mnaushughulikiaje? Akianza kuzunguka, mmeshajibiwa.

Kwa hiyo anzeni na leja: kila mwanachama namba moja, hisa, akiba na mikopo yake yote chini ya namba hiyo. Ni kazi ya kuchosha, na wanaoiweza ni makarani hao hao, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba majina matatu ya daftarini ni mtu mmoja. Kaa nao kabla bodi haijatangaza chochote. Waambie kazi hiyo ni yao, pamoja na kuhakiki salio na mwanachama mwenyewe. Kama kuna nafasi itakayoondoka, sema mapema. Usiahidi usichoweza kukitimiza.

Upande wa sheria, wakumbushe wajumbe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na inampa mtu haki ya kudai uamuzi unaomgusa usitolewe na mashine peke yake. Basi neno “kuamua” liondoke kwenye pendekezo. Mfumo ushauri, kamati iamue na isaini. Ulizeni pia ofisi ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika mfumo huo utakaaje na MUVU, yaani mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama vya ushirika, msije mkaingiza taarifa zile zile mara mbili.

Barua na rasimu za mihtasari mnaweza kusaidiwa na akili mnemba hata leo, mradi majina, namba za NIDA na salio za wanachama zisiingizwe humo.

Leja ikishanyooka na bodi ikawa bado inautaka mfumo, ombeni majaribio. Mfumo utoe alama zake, lakini kamati isizione inapoamua. Mlinganishe baada ya mavuno mawili. Mkataba uandike kwamba taarifa ni mali ya chama, na kwamba mkiachana mtapewa zote katika faili linalofunguka kwa Excel. Muuzaji asiyekubali kipengele hicho, mwageni mapema.