Chungu cha maua hakikaushi nyumba

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama mimea ya ndani inaweza kupunguza unyevunyevu nyumbani. Mimi ni fundi wa rangi, kazi yangu kubwa ni nyumba za kupanga hapa Nairobi, na simu huwa nyingi masika yakiisha, baridi ya Juni ikiingia na kuta zikaanza kuota madoa meusi. Jibu langu ni hapana. Mara nyingi mimea huongeza unyevu.

Tuchukue ua lolote la sebuleni. Umelimwagilia nusu lita, kisahani cha chini kikabaki kikavu, na baada ya wiki udongo umekauka unadai maji tena. Yale ya kwanza yameenda wapi? Mmea haukunenepa nusu kilo. Maji yanayonyonywa na mizizi, asilimia 97 au zaidi, hupanda hadi kwenye majani na kutokea hewani kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Udongo nao huvukiza ya kwake. Mwenye vyungu kumi anaifukizia nyumba yake mvuke kutoka pembe kumi.

Wateja hunitajia kangaga. "Fundi, hili la bafuni limestawi ajabu, linafyonza unyevu wote." Limestawi kwa sababu bafu lina unyevu, mama. Bafu likikauka utaona ncha za majani zikigeuka kahawia. Ile mimea ya majani marefu yaliyosimama kama panga, Sansevieria, ambayo sasa kila ofisi inayo mlangoni, angalau ni bahili: hufungua vitundu vyake usiku, kwa hiyo hupoteza maji kidogo. Lakini kuongeza kidogo si kupunguza. Unaokunywa kweli kutoka hewani ni Tillandsia, usio na udongo kabisa, wenye vinyweleo vya kunasa maji kwenye majani. Hata huo hunywa matone tu, na wanaoufuga ndani hulazimika kuuloweka au kuunyunyizia maji usife. Kama hewa ya chumbani haiushibishi, utakaushaje chumba?

Tatizo lenyewe ni kubwa kuliko chungu. Hewa ya nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 hubeba kama 9 tu, na ziada hujibandika kwenye kitu baridi kilicho karibu, yaani ukuta wa nje na kioo cha dirisha. Bedsita ya mita 3 kwa 3, yenye dari ya mita 2.5, hewa yake yote haiwezi kubeba hata nusu lita ya maji. Sasa hesabu tunayoyaingiza. Watu wawili wakilala usiku kucha, pumzi na jasho lao hupita nusu lita. Gesi ya kupikia ikiungua huzaa maji, kiasi cha kilo moja na nusu kwa kila kilo ya gesi, kwa hiyo ule mtungi wa kilo 6 hukuachia lita 9 hivi hewani kabla haujaisha. Halafu ni Julai, jua halionekani, na nguo zimeanikwa kwenye kamba juu ya kitanda.

Na maji hayo hayana pa kutokea. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na karibu kila nyumba ninayoitwa nayakuta yamezibwa kwa magazeti au vitambaa, kisa baridi na mbu. Kabati nalo limesukumwa hadi likagusa ukuta wa nje. Ukilivuta, harufu inakutangulia, na kiatu cha ngozi kilichosahaulika nyuma yake kimeota manyoya ya kijani.

Kwa hiyo fungua matundu hayo, na kama ni mbu, gongomelea wavu. Funika sufuria, fungua dirisha la jikoni unapopika, sogeza kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, nguo zipeleke kwenye kamba za juu ya ploti hata kama zitachukua siku mbili. Wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani ili lipashe moto na kukausha chumba. Hilo linaua watu usingizini kwa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usijaribu.

Kabla ya kununua rangi, au maua, fanya hivi. Chukua kipande cha karatasi ya foili, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne mahali penye doa, kiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, maji ni yenu wenyewe, na hayo niliyotaja yatasaidia. Yakiwa nyuma ya foili, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba linavuja, mtaro wa paa umeziba, au yanapanda kutoka ardhini, na hapo chini karibu na sakafu utaona rangi ikibanduka na unga mweupe wa chumvi. Hapo usinipigie mimi. Nitakupaka vizuri, utanilipa, na kabla ya vuli rangi itakuwa sakafuni. Mpigie mwenye nyumba kwanza, alete fundi wa mabomba.